Tathmini ya huduma ya ushauri wa rasilimali watu jijini Mwanza
Karakana yetu ya boti za uvuvi hapa Kirumba, yenye wafanyakazi 14, imehudumiwa kwa miezi mitatu na ofisi moja ya ushauri wa rasilimali watu. Walipokagua majalada walikuta mafundi sita hawana mikataba ya maandishi, na daftari la mahudhurio limelowa maji ya ziwa kiasi kwamba saa za ziada hazisomeki. Kwa kufuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, walitupangia saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya saa za ziada kwa mara moja na nusu, pamoja na likizo ya siku 28 kwa mwaka, ambayo, nakiri, tulikuwa tukiitoa kama hisani. Fundi mmoja aliyekuwa akitishia kuacha kazi kila mwisho wa mwezi alitulia alipoona ngazi ya mshahara wake kwenye karatasi.

Upimaji wa utendaji ndio ulionikera: fomu zao zilifaa makarani, kwani fundi wa kukalafati boti, yaani kuziba nyufa za mbao zake, humpimi kwa uandishi wa barua. Ada si ndogo, ila hulipwa kwa awamu. Kwa mikataba nitawarudia. Fomu tunaziandika upya wenyewe na msimamizi wa karakana.