Vifurushi vya kusukia singa za farasi: cha kununua na cha kuacha dukani

Vifurushi vya kusukia singa, yaani nywele ndefu za shingoni mwa farasi, vinavyouzwa kwenye maduka ya matandiko ya farasi vinafanana mno, hata mfuko wenye zipu ni uleule. Ndani mna chanuo, kibanio cha nywele, madonge mawili matatu ya uzi, ndoano ya kuvutia, kifumulio cha mshono, pakiti ya raba ndogo, na mara nyingine utepe wa satini. Kwa saisi anayetayarisha farasi wa mashindano, nusu ya vitu hivyo vina kazi. Vingine vimewekwa ili mfuko uonekane umejaa.

Tuanze na uzi, maana ukiharibika huo hakuna kingine kitakachokuokoa. Kwenye mashindano ya hanta ya Marekani (ya kuruka viunzi, ambako farasi hupimwa kwa mtindo na utulivu), ambako usukaji huu umefikishwa mbali kuliko kwingine, singa hulazwa upande wa kulia wa shingo, hupunguzwa hadi urefu wa sentimita 10 hadi 13, kisha husukwa misuko midogo bapa 30 hadi 40, na wengine huzidi hapo. Kila msuko hufungwa kwa uzi wa rangi ya singa zenyewe ili fundo lisionekane. Unaofaa ni uzi wa kufumia wa akriliki, unene wa kati. Sufu halisi hukatika pale hasa unapokaza fundo la mwisho, na ikilowa hujikunja. Ujaribu papo hapo dukani: uzungushie vidoleni na uvute kwa ghafla. Ukikatika, urudishe. Kama farasi ni mweupe au wa kijivu, lowanisha kitambaa cheupe na usugue uzi juu yake, kwa sababu uzi unaotoa rangi utamchafua shingo nzima akianza kutoka jasho.

Uzi wa kwenye vifurushi huwa mfupi na mwembamba. Donge moja la kawaida kutoka maduka ya vitambaa na nyuzi, ya Nairobi au popote, litakufikisha mbali zaidi kwa pesa kidogo. Kata vipande vya sentimita 45 hadi 60 na uvitundike kwenye hatamu ya kamba au mkandani, karibu na mkono.

Ndoano ndiyo inayostahili bei yake. Chagua ile ya kufumia mazulia, yenye kiulimi kinachojifunga juu ya uzi. Ndoano ya wazi ya kufumia vitambaa hung'ang'ania nywele za jirani na kuzing'oa. Kiulimi kikiwa kigumu au kimelegea, iache dukani, hutaweza kukirekebisha nyumbani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Lowanisha singa, tenga fungu la sentimita 2 hadi 2.5, na lililobaki libane kwa kibanio. Weka alama ya tepu kwenye chanuo ili mafungu yalingane, kwa sababu jicho hudanganya kadiri unavyoelekea mgongoni. Mivuko mitatu ya kwanza ya nywele, karibu na ngozi, ndiyo inayoamua kama msuko utakaa au utalegea. Zivute kwenda chini, si kuelekea kwako, la sivyo msuko utasimama wima. Ukishuka nusu ya urefu, kunja uzi katikati, uweke nyuma ya msuko, na kila ncha iungane na fungu lake. Suka hadi mwisho, kaza kitanzi. Ukimaliza misuko yote, pitisha ndoano katikati ya mzizi wa msuko kutoka juu kwenda chini, shika ncha za uzi, vuta. Msuko utakunjika mara mbili. Ncha zishuke pande mbili, zivukane nyuma, zirudi mbele. Sukuma msuko juu kidogo kwa kidole gumba mpaka pajitokeze kifundo, kisha funga chini yake.

Raba tunazikubali kwa mazoezi tu. Zinakwenda haraka, lakini za bei rahisi hukatika juani, na wakati wa kuzitoa huondoka na nywele. Kwenye dresaji (mashindano ya farasi kutekeleza miendo kwa amri ya mpandaji), ambako misuko ni michache na minene iliyoviringwa kama vifungo, ni bora kushona kwa sindano butu na uzi imara. Waingereza wengi hushika desturi ya idadi ya witiri shingoni, pamoja na mmoja wa shungi la kipajini. Sindano ifungwe uzi mrefu wa rangi kali, kwa kuwa ikidondoka kwenye nyasi za kulalia utaitafuta hadi jioni, na farasi anaweza kuwa wa kwanza kuipata.

Sasa utepe. Satini ya kwenye kifurushi haina pa kukaa kwa hanta wala dresaji. Ukimpamba hivyo utamchekesha jaji. Utepe una wenyewe. Kwa Saddlebred, aina ya farasi wa Marekani, anayeonyeshwa kwa miendo mitano, singa huachwa ndefu, na vinavyosukwa ni viwili tu: shungi la kipajini na fungu la kwanza la singa nyuma ya sehemu iliyonyolewa ya kupitishia hatamu. Yule wa miendo mitatu kwa desturi hunyolewa singa, hivyo hakuna cha kufunga. Utepe huwa vipande vitatu vilivyoungwa juu, kila kimoja kikifuatana na fungu moja la nywele, na rangi yake mara nyingi huenda sambamba na ukanda wa kipajini. Kusuka hula urefu, basi kwa nywele za sentimita 60 usinunue chini ya sentimita 90. Satini ya poliesta ichomwe ncha kidogo kwa kiberiti ili isifumuke. Tatizo lake ni utelezi: usipoanza kwa kukaza kabisa, utepe utashuka peke yake farasi akichapuka.

Kwa Shire, farasi wakubwa wa kazi wa Uingereza, ni habari nyingine kabisa. Msuko mmoja hupita juu ya shingo kwa urefu, ukisukwa pamoja na rafia (nyuzi za majani ya mti kama mnazi) ya rangi, na vipambo vya utepe husimamishwa juu yake, huku singa nyingine zikining'inia. Farasi wa Kiarabu huachwa singa wazi. Na utepe mwekundu mkiani si pambo hata kidogo: unamwambia aliye nyuma kwamba farasi huyu anapiga mateke.

Dawa za kunyunyizia za kushikisha nywele, mfano Quic Braid, zinasaidia sana singa laini. Lakini hazitakusaidia kama juzi ulimpaka kilainishi cha kung'arisha nywele. Mwoshe siku mbili tatu kabla, kwa shampuu peke yake.

Kifumulio kimo kwenye kila kifurushi na ni kizuri. Kikate fundo tu, ncha ikielekea nje ya shingo. Fumua siku hiyohiyo: farasi aliyelala na misuko hujikuna kwenye nguzo, na singa zilizovunjika mizizini huchukua miezi kufikia tena urefu wa kusukwa.