Vikokotoo vya umbali wa ndege: kilomita ziamini, saa zitilie shaka

Nimevijaribu vikokotoo kadhaa vya mtandaoni kwa njia moja ninayoijua: Nairobi (NBO) hadi New York (JFK), yenye ndege ya moja kwa moja tangu Oktoba 2018. Kwenye umbali havinipi shida, vyote vinakuja na kilomita 11,840 hivi. Kwenye muda, vingi vinapunja karibu saa mbili.

Sababu ni hesabu yenyewe. Kikokotoo kinachukua umbali, kinagawa kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, kinakupa saa 13 na dakika 10. Boeing 787 kweli hukimbia hivyo, lakini ndani ya hewa, na hewa nayo inakwenda. Huko juu pepo kali hutoka magharibi, kwa hiyo ukielekea New York unapigwa na kile mabaharia wetu wangekiita upepo wa omo, yaani unaokujia usoni. Ndiyo maana kwenda hupangiwa karibu saa 15, kurudi karibu 14. Kikokotoo kinachotoa muda uleule kwenda na kurudi kimeupuuza upepo. Tena muda wa tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa, na foleni za JFK ardhini zinajulikana.

Kwa kuchora njia natumia tovuti ya Great Circle Mapper. Andika NBO-JFK, basi. Mstari unakuja umepinda, ukipita Chad, Niger na Algeria kabla ya Atlantiki. Haujakosewa: dunia ni duara, na huo ndio mkato. Ila ndege halisi huuacha kufuata upepo, au anga likifungwa, kama la Sudan lilivyofungwa Aprili 2023.

Andika msimbo, usiandike jina la mji. Nairobi ina Wilson pia, na New York ina LaGuardia. Halafu angalia kipimo: 7,360 ni maili za kawaida, 6,390 ni maili za baharini, na safari ni ileile. Ukizidisha maili za baharini kwa 1.6 badala ya 1.852, kilomita 1,600 na ushee zimepotea.

Kosa baya kuliko yote ni la saa za tiketi. Kuondoka 23:25 na kufika 06:25 kunaonekana kama saa 7. Ongeza tofauti ya saa 8, unapata 15. Marekani wakisogeza saa zao mbele, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti ni 7. Na 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku. Anayekupeleka uwanjani mtajie kwa Kiswahili.

Kwa umbali nawapa nyota nne. Kwa muda, mbili, na hiyo ya pili ni ya huruma.