Saa ya kuchezea inayosema "saa saba asubuhi"

Msinunue. Naanza na hilo kwa sababu bado nina hasira.

Binti yangu yuko darasa la pili. Robo, nusu na kasorobo alikwishazishika. Kinachomsumbua ni kile kinachowasumbua watoto wetu wote: mshale mfupi uko kwenye 7, mama anasema saa moja, simu ya baba imeandika 13:00, baba anasema saa saba. Kwa hiyo juzijuzi, nilipoiona Kariakoo saa ya kufundishia inayoongea Kiswahili, nilifurahi mno. Nikasema kumbe kuna mtu ametufikiria.

Hakuna aliyetufikiria. Unazungusha mishale mpaka 7, unabonyeza kitufe chenye picha ya jua, sauti nzuri ya mwanamke inakuambia: "Ni saa saba asubuhi. Twende shule!"

Saa saba asubuhi! Nani amewahi kuamka saa hiyo? Saa saba ni mchana, watu wametoka kuswali adhuhuri, au ni usiku mzito. Wamechukua namba za Kiingereza wakazisoma kwa Kiswahili, basi. Na mtoto aliamini, maana sauti ni ya mtu mzima na matamshi yake yamenyooka.

Asubuhi moja dereva wa basi la shule akapiga simu kwamba anapita saa moja kasorobo. Binti akatazama saa ya ukutani, mshale mfupi ndiyo kwanza umeipita 6, akavua viatu akarudi kulala. "Mama, moja bado kabisa." Mimi niko jikoni, sina habari. Basi likamwacha. Alilia njia nzima kwenye bodaboda.

Nikairudisha dukani. Muuzaji hata hakuinua macho kwenye simu yake. "Mama, saa ni saa tu. Hiyo ya kimataifa, mtoto atazoea." Nikamwambia, kaka, ya kimataifa ingesema Kiingereza, hii inasema Kiswahili, na Kiswahili kina saa yake. Akanionyesha kibao: mali ikiuzwa hairudishwi. Halafu akawageukia wateja wengine, akacheka: "Hawa walimu hawa!" Mimi si mwalimu. Ni mzazi niliyelipa hela yangu, nikadai kitu kinachosema kweli. Nilitoka pale natetemeka.

Niliapa kuitupa. Sijaitupa. Nimetoa betri, na ikiwa bubu, lazima niseme haki, ni nzuri. Mishale imeungana kwa meno kwa ndani: ukizungusha mrefu duara zima, mfupi unasogea namba moja, mtoto anaona mwenyewe jinsi saa inavyotembea. Nikakata duara la karatasi nikalibandika ndani ya namba zao: mkabala wa 7 nimeandika 1, mkabala wa 8 nimeandika 2, nikazunguka hivyo mpaka 6, iliyopata 12. Za nje ni za simu na tiketi, za ndani ni za mdomo.

Siku chache tu, akaniita kwa kelele. "Mama, mshale una mkia! Mkia ndiyo unasema Kiswahili!" Kweli. Mshale mfupi ukichoma 7, kitako chake kinaangalia 1. Miaka yote hii nasoma saa, sijawahi kuliona hilo.

Tulipokwenda Tanga kwa babu yake, ambaye saa yake ya ukutani ameitega Kiswahili tangu zamani, jua likichomoza mshale unakaribia 12, binti alichungulia nje kwanza, akarudi akasema: "Ya babu haisomwi kwa mkia." Babu alimkumbatia.

Kwa hiyo sijui tena. Ukiweza kuvumilia kazi ya karatasi na gundi, inunue, lakini betri itoe kabla mtoto hajaisikia. Na duka lile mimi sikanyagi tena. Ila nikilala bado naisikia ile sauti. Huyo dada aliyerekodi ni Mswahili mwenzetu, husikii hata chembe ya ugeni. Alisomaje "saa saba asubuhi" ulimi usimkwame?