Boksi la toleo jipya: diski ya kwanza imeniudhi, ya pili ndo imenikasirisha kabisa

Jamani nimechoka na haya maneno "imeandaliwa upya kutoka tepu halisi". Nimechoka kabisa. Nimenunua boksi la toleo jipya la albamu moja ya progu (roki ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi) ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, albamu ambayo naijua pumzi kwa pumzi, na jina lake pamoja na la lebo naviweka pembeni maana nikitaja tu mjadala utageuka ushabiki wa bendi, wakati ugonjwa huu uko kwa lebo nyingi. Ninachotaka kuongelea ni dakika chache tu za muziki. Katikati ya ule wimbo mrefu unaojaza upande mzima wa santuri kuna sehemu bendi yote inanyamaza, inabaki filimbi na gitaa lisilo la umeme, filimbi iko mbali huko, unajikuta umesogelea spika bila kujijua, halafu taratibu mellotroni, ile kibodi inayotumia tepu, inaanza kuingia chini yake, inapanda, inapanda, na ngoma zikidondoka unashtuka hata kama umeshaisikia miaka na miaka. Wimbo mzima umejengwa kwa ajili ya pale.

Sasa kwenye hii diski mpya filimbi imeletwa mpaka usoni. Sauti yake ni kubwa sawasawa na ya bendi nzima! Mellotroni ikiingia hakuna kinachopanda maana hakuna nafasi ya kupanda, na ngoma zikipiga badala ya kulipuka muziki wote unanywea, filimbi inazama, gitaa linazama, kisha vinarudi juu polepole, pigo lingine likija vinazama tena. Yaani kile kishindo ambacho wale vijana walikihangaikia studio kimegeuzwa kuwa kero. Nilizima nikakaa kimya kwanza.

Nikabadilisha hedifoni, nikajaribu spika, nikatoa santuri yangu ya zamani iliyojaa mikwaruzo nikaiweka sambamba na hii mpya. Na volyumu nilizisawazisha kabla ya kulinganisha, nasema hili mapema kabla hamjaniuliza, maana hapa ndo watu wengi wanapotapeliwa: sikio likipewa vitu viwili linapenda chenye sauti kubwa zaidi hata kama ndo kibovu. Toleo jipya karibu kila mara linakuja na sauti kubwa, mtu anasikia sekunde kumi anasema aisee imeng'aa, ananunua. Punguza ile mpya mpaka zilingane halafu sikiliza tena, utaona hiyo ng'aring'ari inakwenda wapi. Kwangu ile santuri yenye mikwaruzo ilishinda kwa mbali. Nikaifungua faili ya CD kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nione kwa macho, vilele vyote vimekatwa kwa juu, wimbo unaonekana kama ukuta wa matofali kuanzia mwanzo hadi mwisho, ile sehemu ya filimbi huwezi hata kuipata kwa kuangalia! CD ina nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kimya na kilele, santuri haifiki hapo hata kidogo, halafu mtu anapewa nafasi yote hiyo anajibana kwenye desibeli chache za juu. Kwa nini? Nani aliomba?

Na hawakuishia hapo, wameondoa na mvumo wa tepu, ile shhh nyembamba ya nyuma ya muziki. Mellotroni ni kibodi ambayo kila kitufe kina kipande chake cha tepu, ukibonyeza tepu inapita kwa sekunde kama nane hivi kisha inaisha inabidi uachie. Ule mvumo ni sehemu ya chombo chenyewe, ndo pumzi yake. Ukiusafisha kwa programu unaondoka na mkia wa matoazi, unaondoka na hewa ya chumba, unabakiwa na kitu kikavu kama hakikuwahi kupigwa na mtu.

Nikawaandikia. Kwa adabu kabisa, nikaeleza sehemu gani, dakika ya ngapi, nikaambatisha na picha ya mawimbi. Jibu likaja la kunakili na kubandika, "Mpendwa mteja, tafadhali safisha sindano yako." Sindano! Nimewaandikia kuhusu CD! Nikajibu kwamba ni CD, akaja mwingine, safari hii mtu mwenye jina na cheo, akaniambia hakuna mteja mwingine aliyelalamika, kwamba ubora wa sauti ni suala la ladha ya mtu, na kwamba nizingatie tepu hizi zina zaidi ya miaka hamsini kwa hiyo nisitarajie miujiza. Kisha akafunga malalamiko yangu yakaandikwa yametatuliwa. Yametatuliwa na nani? Hiyo ya ladha ningeweza kuimeza, kweli watu wanatofautiana. Lakini hiyo ya tepu kuzeeka ilinichoma kwa sababu ndo uongo mtamu kuliko wote, ukimwambia mtu asiyefuatilia atakubali.

Tepu kuzeeka siyo sababu na ushahidi uko wazi. Chukua In the Court of the Crimson King, albamu ya bendi ya King Crimson ya 1969. Tepu masta ya kwanza kabisa, yaani yenye mchanganyo wa mwisho, ilipotea miaka mingi, CD zilizotangulia zilitoka kwenye nakala ya nakala, sauti imefifia, ilipokuja kupatikana ndo likatoka lile toleo la 2004 na watu wakasikia vitu ambavyo havikuwahi kusikika kwenye CD. Tepu ileile ya 1969! Haikuwa imeoza, ilikuwa imepotea tu. Kisha 2009 Steven Wilson, mwanamuziki anayechanganya upya albamu za zamani, akarudi nyuma zaidi, akachukua zile tepu za njia nane ambazo vyombo viko kwenye njia tofauti, akachanganya upya. Hiyo ndo rimiksi, na ni tofauti na rimasta ambayo mtu anachukua mchanganyo uliokwisha kukamilika anaugusagusa tu, na lebo zinapenda sana kuyachanganya haya mawili kwenye matangazo. Hata tepu zilizonata, zile za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake inalainika, zinaokwa kwa joto dogo kwa saa kadhaa na zinacheza vizuri ya kutosha kunakiliwa. Kwa hiyo usiniambie miujiza.

Au Aqualung ya Jethro Tull, 1971. Ile iliharibikiwa tangu siku ya kwanza, ilirekodiwa studio mpya ya lebo ya Island pale Basing Street, London, ukumbi mkubwa uliokuwa kanisa, na Ian Anderson mwenyewe, kiongozi wa bendi, hakuwahi kuficha kwamba chumba kile hakikumfurahisha. Miaka yote nilikuwa naisikiliza najua ni nyimbo kubwa zilizofunikwa blanketi zito. Rimiksi ya 2011 ikafungua kila kitu, gitaa la Martin Barre linakuja mbele, piano ya mwanzo wa "Locomotive Breath" unaisikia ikiwa na mwili. Pale nilikubali kwa moyo wote kwamba toleo jipya linaweza kuishinda la asili. Sisemi kila jipya ni baya, naomba nieleweke, nina mashaka hata na watu wanaosema santuri ya kwanza ndo kweli peke yake.

Ingawa hata hapo… mimi Close to the Edge, albamu ya bendi ya Yes, bado naisikiliza zaidi kwenye ule mchanganyo wa 1972 wa fundi sauti wao Eddie Offord. Rimiksi ya 2013 ni safi sana, besi ya Chris Squire unaweza kuihesabu noti kwa noti, lakini ule mwanzo wa ndege na maji yanavyopanda taratibu mpaka bendi inavamia, kwa Offord kuna ukali fulani, vipande vya tepu vilikatwa na kuungwa kwa wembe na unakaribia kuusikia huo wembe. Rimiksi inatuliza. Hapo ndo ladha, hapo nakubali tubishane mpaka asubuhi. Na wimbo "Moonchild" kwenye diski kuu ya ile rimiksi ya King Crimson ya 2009 imepunguzwa, sehemu ya ule uchezaji wa kubuni imekatwa, wengine walishukuru, mimi sikupenda. Lakini yote hayo ni maamuzi ya watu waliosikiliza. Kubana sauti mpaka filimbi iwe na nguvu ya ngoma siyo uamuzi, ni kutojali.

Na wanajua! Bendi ya Rush walitoa albamu ya Vapor Trails 2002 ikiwa imebanwa vibaya, bendi yenyewe haikuridhika, mwaka 2013 ikatoka upya imechanganywa na David Bottrill na ikapumua. Kama wanamuziki wenyewe wanaweza kurudi nyuma na kurekebisha, kwa nini mtu wa huduma kwa wateja ananiambia mimi nisafishe sindano?

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike leo na siyo wiki ile. Nilikuwa nafunga boksi nilirudishe. Ndani kuna diski ya pili, DVD, ambayo sikuwa nimeigusa kwa sababu ya hasira, nikasema acha niione kabla haijaondoka. Chini kabisa kwenye menyu, chini ya picha na video fupifupi, kuna mstari mmoja unasema ni mchanganyo wa asili ulionakiliwa moja kwa moja kutoka tepu bila kuguswa, biti 24, yaani usahihi zaidi ya ule wa CD. Nikaubonyeza.

Jamani. Filimbi iko mbali. Mvumo upo, mwembamba, unausikia mwanzoni kisha unausahau. Mellotroni inaingia kutoka chini huku sakafuni, inajaza chumba, na ngoma zilipodondoka nilisimama. Sijawahi kuisikia albamu hii hivi, siyo kwenye santuri yangu, siyo kwenye CD yoyote ya nyuma. Ni bora kuliko zote nilizowahi kumiliki, nasema bila kupepesa macho. Furaha niliyokuwa nayo kwa zile dakika ishirini siwezi kuieleza.

Halafu furaha ikaisha nikaelewa maana yake. Walikuwa nayo! Tepu ni nzima. Mtu aliiweka kwenye mashine, akainakili vizuri, akaisikiliza bila shaka, kisha mtu mwingine akaichukua hiyohiyo akaiminya ndo akaiweka kwenye diski ya kwanza, ile ambayo watu wengi wataisikiliza peke yake, na ile nzuri wakaizika chini ya menyu kama zawadi ya ziada. Na kwenye barua wananiambia tepu imezeeka. Boksi lile lile linawasuta.

Kwa hiyo sijarudisha. Nilikuwa nimeshaandika nyota moja nikafuta. Diski ya pili naipa tano na ningeongeza kama zingekuwepo, diski ya kwanza sitoi kitu, na kama huna mashine ya DVD basi usinunue, huo ndo ukweli, hata kama jalada ni zuri, na ni zuri kweli. Nimewaandikia tena nikiwaomba waitoe ile nakala ya tepu kwenye CD ya kawaida, bila kitabu, bila picha, bila chochote. Hawajajibu. Kama boksi unalo tayari, ingiza DVD, usiiache ianze yenyewe maana inaanza na ile iliyobanwa, shuka hadi mstari wa mwisho kabisa.