Gari la drifti lenye tabo: lipi ununue, lipi ubadilishane, lipi uliache

Muuzaji wa gari la drifti, yaani la kutelezesha pembeni kwenye kona kwa makusudi, huanza na nguvu za farasi: 400, 500, tabo (turbo, pampu ya kusukumia injini hewa) kubwa, kila kitu kikubwa. Wewe anza na chesisi. Injini hubadilishwa, lakini chesisi iliyopinda utahangaika nayo mpaka uuze kwa hasara.

1. Toyota Chaser au Mark II, toleo la JZX100 (1996 hadi 2001). Namba moja bila kusita. Injini ni 1JZ-GTE ya lita 2.5, kiwandani ilitoka na farasi 280, na inavumilia kuongezwa nguvu kiasi bila kufunguliwa ndani. Ina milango minne, kwa hiyo ni gari la familia pia, ukiweza kuwashawishi. Nyingi zilitoka otomatiki zikageuzwa manyuo, basi lala chini utazame mahali giaboksi ilipofungwa, kisha ukague pedali ya klachi na waya. Waya zilizoungwa kwa selotepu? Shusha bei au ondoka.

2. Nissan Silvia S14 na 180SX. Ni nyepesi, na spea za injini yake, SR20DET, zipo tele. Ugonjwa wake unajulikana: dereva akizoea kuigongesha kwenye kikomo cha mizunguko ya injini, roka za valvu (vyuma vidogo vinavyosukuma valvu) huruka kutoka mahali pake. Nenda injini ikiwa baridi. Gusa boneti kabla hata ya salamu. Ikiwa ya moto, huenda imewashwa mapema kuficha mlio au moshi ambao hukutakiwa kuukuta.

3. Nissan Skyline R33 yenye injini ya RB25DET. Farasi 250, nzito kidogo, tulivu ikiteleza pembeni. Tabo yake ya kiwandani ina gurudumu la seramiki upande wa ekzosi, nalo huvunjika presha ya tabo ikizidishwa. Anayejisifia presha kubwa na bado ana tabo ileile, anakuuzia bili.

4. Nissan Silvia S15 (1999 hadi 2002). Nzuri kuliko zote kwa sura, lakini unalipia jina, na giaboksi yake ya gia sita si ngumu kama watu wanavyodhani. Bodi ya bei hiyo kuipeleka ukutani ni uchungu wa kujitakia.

5. Mazda RX-7 FD. Injini ya rota, yaani yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, 13B-REW. Kipimo cha kawaida cha kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) hakikuonyeshi kila uso wa rota. Kinahitajika kipimo maalumu. Hakipo, usilipe.

Sasa kubadilishana. Hapa ndipo watu wanapoumizana, kwa sababu kila mmoja anapandisha gari lake. Kabla ya kuonyeshana magari, kila mtu ataje bei ambayo angeuza kwa pesa taslimu, tofauti ilipwe juu. Risiti za spea si thamani ya gari: aliyetumia pesa nyingi hawezi kukudai zote. Vipuri vya kiwandani alivyovitoa viandikwe kwenye makubaliano, maana mara nyingi huviuza pembeni.

Kata usukani mpaka mwisho, sukuma gari taratibu. Matairi ya nyuma yakirukaruka, huenda difu imechomelewa, yaani matairi mawili ya nyuma yamelazimishwa kuzunguka kwa kasi moja. Kwa drifti sawa, kwa barabara utajuta. Inua kapeti ya buti, tazama kama kuna weldingi mpya kwenye vikombe vya shokabu (mahali shokabu inapofungwa kwa juu). Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi ya gari, kwa sababu injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa inakuwa kesi yako siku ya kuhamisha umiliki.