Uzoefu wangu wa Slack ofisini kwetu Kirumba: uzi ndo umetuokoa

Sisi ni ofisi ndogo ya dagaa hapa Kirumba, Mwanza, ukitoka mwaloni unatembea kidogo tu umefika. Tupo 11 ukihesabu na madereva pamoja na wanunuzi wetu wawili wanaokaa Ukerewe. Mi ndo mratibu wa magari, yaani mzigo ukishapimwa ukafungwa mi ndo naulizwa gari liko wapi, limebeba gunia ngapi, nani kasema liondoke. Na hilo la mwisho, nani kasema liondoke, ndo limenifanya niandike kuhusu Slack, programu ya kutumiana meseji za kazi.

Zamani tulikuwa na grupu moja tu kwenye ile programu ya meseji ambayo kila mtu anayo kwenye simu. Bei ya asubuhi humo, picha za mizani humo, mchango wa msiba humo, nani kachukua funguo za stoo humo humo. Sasa siku moja Fuso limeshapakiwa gunia 80, mi nimeandika kabisa kwamba zile 30 za nyuma zishushwe zirudi kwenye vichanja maana bado zina unyevu, dereva akauliza "bosi niondoke?", hapo hapo katikati dada wa mahesabu kauliza kama kila mtu atoe elfu kumi ya msiba wa mwenzetu, bosi akajibu "sawa". Ilikuwa sawa ya msiba. Dereva akaichukua kuwa ni ya kwake, akawasha gari. Mi nakuja kushtuka ameshapita Shinyanga anaitafuta Dar.

Anayejua dagaa anaelewa hapo moyo ulivyoruka. Dagaa ukimfunga hajakauka ukampa siku mbili chini ya turubai anashika ukungu, na gunia likishaanza kunuka haliharibiki peke yake, linachukua na majirani zake. Tulimrudisha, mafuta yakaenda, siku ikaenda. Dereva wa watu hakuwa na kosa, aliuliza akaona jibu. Simlaumu bosi wala siilaumu ile programu, ni sisi tuliopika mboga tano kwenye chungu kimoja.

Baada ya hapo mtoto wa bosi ndo akatuletea Slack, yeye aliitumia sehemu aliyokuwa anafanya kazi. Ilikuwa mwanzoni mwa 2025. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ilianza kama chombo cha ndani cha kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu ya kompyuta, gemu ikafa ila chombo cha kuongelea kikabaki, wakakifungua kwa watu wote 2014, na tangu 2021 ipo chini ya Salesforce ya Marekani. Mi hilo lilinigusa kwa sababu unaona kabisa imetengenezwa na watu waliokuwa na shida ya kazi kama yetu, kila mtu yuko sehemu yake na wote wanataka jibu.

Unagawa maongezi kwenye chaneli. Sisi tuna ya bei, ya magari, ya stoo, ya mahesabu (hii imefungwa, wapo watatu tu) na ya mambo ya kijamii, misiba na harusi zote zinaenda huko. Hicho tu kilishatupunguzia kelele nusu. Lakini kilichoniokoa mimi hasa ni uzi. Naandika meseji moja kwenye chaneli ya magari, "Fuso la Dar, gunia 80, Jumanne", afu kila kinachohusu hilo gari kinajibiwa chini ya hiyo meseji, uzito, picha ya mizani, namba za lumbesa zilizokataliwa, dereva anauliza humo, bosi anajibu humo. "Sawa" ikitokea humo ni sawa ya hilo gari na si ya kitu kingine chochote duniani. Najua hata kwenye ile ya zamani unaweza kunukuu meseji ukaijibu, tulijaribu, ila mtu mkono mmoja umeshika gunia hanukuu chochote, anaandika tu chini kabisa. Kwenye uzi ukishaingia umeingia, unaandika unavyotaka.

Mwanzoni watu walikuwa wanasahau wanajibu nje. Nikawa nawarudisha taratibu, "kaka hebu rudi kwenye uzi wa gari lako", wiki tatu hivi wakazoea. Kuna kialama unaweza kutiki ukiwa ndani ya uzi ili jibu lako lionekane na kwenye chaneli pia, hiyo tumekubaliana aitumie bosi tu pale anaporuhusu gari, ili hata ambaye hajafungua uzi aone.

Sasa kuna jambo la salamu, na hili nalisema kwa uzito wake kwa sababu lilitaka kuvunja kila kitu. Sisi huku huwezi kuanza na "gari liko wapi". Mzee wetu wa stoo, Msukuma wa zamani, anaingia asubuhi na mwangaluka yake, vijana wanamwamkia shikamoo, anaitikia mmoja mmoja. Kwenye Slack hizo salamu zilijaza chaneli ya stoo mpaka taarifa ya mzigo haionekani, mtoto wa bosi akasema salamu ziachwe. Vijana wakaacha. Mzee akanyamaza siku nne, haandiki kitu, hesabu ya gunia anakuja kuniambia kwa mdomo mezani kwangu, nikajua ameumia. Na ana haki, mtu wa umri ule humpitii kama nguzo ya umeme.

Tulichofanya ni hivi. Slack inakuruhusu kuweka emoji yako mwenyewe, unapakia picha ndogo unaipa jina. Dada wa mahesabu akatengeneza moja imeandikwa MARAHABA, rangi ya bluu. Kila asubuhi mi nafungua uzi wa salamu kwenye chaneli ya stoo, wanaomwamkia mzee wanamwamkia humo, na yeye anabonyeza marahaba kwenye kila shikamoo, hajaruka hata mmoja. Chaneli inabaki safi na mzee kaheshimiwa. Nilimfundisha mara mbili tu akaweza.

Kingine cha kuangalia ni saa. Unaweza kuandika meseji usiku ukaipangia itoke asubuhi, na mi mawazo ya kazi yananijia saa tano usiku nikiwa nimelala, kwa hiyo naipenda sana. Ila saa zake ni za kizungu. Dada wa mahesabu alitaka meseji itoke saa moja asubuhi akachagua 1:00, ikatoka saa saba usiku. Wengi hawakusikia kwa sababu Slack yenyewe ina muda wa ukimya, kwetu ilikuja umewekwa kuanzia saa nne usiku mpaka saa mbili asubuhi, lakini dereva mmoja aliyekuwa ameuzima alikuwa barabarani Singida huko akadhani kuna dharura akasimama pembeni. Tangu siku hiyo tumebandika karatasi ukutani, saa moja asubuhi ni 7:00 AM, saa kumi na moja jioni ni 5:00 PM, kila anayeanza kazi anaonyeshwa.

Kutafuta meseji za zamani ni kuzuri mno ukijua namna. Unaweza kutafuta meseji za mtu fulani tu au za chaneli fulani tu au za kabla ya tarehe fulani. Ila Kiswahili chetu kinabebesha neno vitu vingi mbele, ukitafuta "lipa" huioni "amelipwa" wala "tumemlipa". Kwa hiyo tumekubaliana kila malipo yakifanyika meseji inaanza na neno MALIPO, kila mzigo unaanza na MZIGO. Dada wa mahesabu siku hizi anafunga mwezi bila kupigia simu mtu.

Halafu hili la muda wa meseji lazima ulijue kabla hujaanza. Sisi tupo kwenye mpango wa bure, na huo unakuonyesha meseji za siku 90 za mwisho tu, zenye zaidi ya mwaka mmoja zinafutwa moja kwa moja. Kwenye kulipia wanahesabu kwa kichwa kwa mwezi, na kwetu bado hatujafika huko. Kwa hiyo kila tarehe ya mwisho wa mwezi mi na dada wa mahesabu tunakaa tunahamisha malipo na mizigo yote kwenye kitabu na kwenye kompyuta. Inachukua mchana mzima. Ukiwa na biashara ya madeni ya muda mrefu usije ukaitegemea kama kumbukumbu yako. Hata kupigiana kwa sauti humo ndani, kwenye bure ni watu wawili tu, kikao cha wote bado tunakaa chini ya mwembe.

Wanunuzi wa Ukerewe mtandao unawasumbua, nyakati za giza ndo dagaa wanatoka kwa wingi na ndo wanatuma picha nyingi, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika na chaneli ya bei inapoa kabisa. Tumewaambia bei waandike kwa maneno, picha waache wakifika sehemu yenye mtandao, bando linadumu.

Tulikuwa pia na chaneli ya kivuko, ya foleni ya Kigongo, nani kakwama na mzigo wa Sengerema tangu saa ngapi. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita kama 3 za lami juu ya ziwa, ile chaneli haikuandikwa kitu tena. Nikaifunga. Ukifunga haifutiki, unaweza kuingia ukasoma, na nilisoma kidogo siku ile, meseji za saa nane usiku za watu wamelala kwenye magari wakisubiri kuvuka.

Ukiniuliza nyota natoa nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku wakiweka Kiswahili, maana maandishi yote ya vitufe ni Kiingereza na nusu ya ofisi yetu hawakisomi. Mzee wa stoo amekariri kila kitufe kwa sehemu kilipokaa, na wakikihamisha ananiita, "mwanangu, njoo unionyeshe, marahaba yangu imeenda wapi", naenda namwonyesha.