Mwezi muzima nimekula mega kwa video za sayansi, nawaambia nilichopata

Naandika hii juu shemeji yangu ananiulizaka kila wiki mega zangu zinaendaka wapi. Niko Goma, Congo, kartie Katindo, niko na simu ya kawaida tu, na tangu mwezi moja niliamua forfe yangu, zile mega za enternet nanunuaka, iende kwa video za sayansi na teknolojia, zile zenye kuchekesha, badala ya zile za wanamuziki wanagombana. Za wanamuziki nilikuwa nimezizoea sana, unaona kichwa cha habari kinasema fulani amekufa, unafungua, mtu anaongea dakika kumi nzima, mwisho unasikia ni mzima yuko kwake anakula fufu, na mega zimeisha. Ile iliniumiza kweli, nikaacha.

Nilianza na SmarterEveryDay, chaneli ya YouTube ya Destin Sandlin, injenieri wa Marekani, ile video yake ya 2015 ya baiskeli ya kinyume. Walimutengenezea baiskeli, ukikata gidoni (usukani) kushoto gurudumu linaenda kulia, ni hivyo tu, lakini mtu mzima mwenye anapanda baiskeli tangu utoto hawezi kwenda hata mita tatu. Yeye mwenyewe ilimuchukua miezi 8, mtoto wake wiki 2 tu! Halafu akaenda Amsterdam kupanda baiskeli ya kawaida, akakuta imemutoka kabisa, anayumba mbele ya watu kama mutoto anaanza, mpaka baadaye ndiyo kichwa kikarudia ile ya zamani.

Sasa mtu wa Goma ataangalia hiyo asifikirie chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo? Sisi wenye tuko na sanamu ya chukudu kwenye rompwe, mzunguko wa barabara, katikati ya mji! Kesho yake nikaita watoto wa parseli, wa kiwanja chetu, wako na kachukudu kao, nikawaambia pisheni mikono, wa kuume ushike upande wa kushoto na wa kushoto ushike upande wa kuume, tuone. Wote chini. Yaya wao, ndugu yao mkubwa, mwenye anashushaka viazi na chukudu kutoka Kibumba, kazi yake ya kila siku, akasema leteni niwaonyeshe, na yeye chini. Kadogo ka miaka 8 kaliweza siku ya nne. Yaya mpaka leo bado anajaribu, na jioni unamukuta anajifunza peke yake, hataki mtu amuone.

Hapo nikapata kipimo changu: video yenye naweza kurudilia kwa parseli na watoto, hiyo inastahili mega. Ingine yote ni kupitisha wakati.

The Slow Mo Guys nawapenda pia, Gavin Free na Dan Gruchy, Waingereza wawili wenye wanapasua vitu na kupiga picha na kamera ya kasi sana, puto la maji linapasuka unaona mpira unaondoka na maji yanabaki yamesimama hewani na umbo lake. Hawahitaji Kiingereza kingi, macho inatosha, bibi yangu mwenyewe aliangalia akasema rudisha. Lakini usiziangalie kwa ubora wa chini wa 144, utaona ukungu tu. Mimi natelesharje (napakua) usiku juu forfe ya usiku iko bei ya chini, naweka 480, asubuhi naangalia polepole. Corridor Crew ni ya wale wanapenda filamu, wanakuonyesha mlipuko gani ni wa kompyuta na gani ni wa kweli, nzuri, ila wanaongea haraka sana, bila maandishi chini ya picha nilikuwa napotea.

Sasa ile yenye ilinigusa zaidi. Nilikuwa natafuta juu ya ziwa Nyos, kule Cameroun, tarehe 21 Agosti 1986 gesi ilitoka ndani ya ziwa usiku, ikashuka kwenye mabonde, ikaua watu karibu 1,700 na mifugo yao. Kila video ya Nyos inamalizia kwa ziwa Kivu yetu, juu nayo iko na gesi chini, na kuna zingine zinaweka muziki wa kutisha na kusema Goma itakufa yote, basi. Hizo nazichukia, nasema wazi. Sisi tunalala hapa, tulikimbia volkano ya Nyiragongo 2002, tukakimbia tena 2021, hatuhitaji mtu wa mbali atutishe apate watazamaji. Tuambie gesi inafanyaka nini.

Moja ilieleza vizuri, ikaonyesha jaribio: bikarbonate na vinegri ndani ya jagi, inatoa povu, unangoja, halafu unamwaga ile hewa yenye haionekani juu ya mshumaa, bila kumwaga maji yake, na mshumaa unazimika. Nikaifanya jioni umeme ukiwa umekatika, watoto wamezunguka, wakapiga kelele wee! Nikawaambia hiyo ndiyo mazuku, ile gesi ya kuua yenye inatokaka chini ya udongo kwetu. Ni nzito kuliko hewa, inakaa kwenye shimo kama maji, haionekani.

Juma iliyofuata kadogo kalienda kwa shangazi yake upande wa Bulengo, mbuzi ikashuka kwenye kabonde ikaanguka, mjomba akataka kuifuata. Kadogo kakamushika shati kakalia kwa nguvu, kanasema mshumaa, mjomba, mshumaa. Mjomba akarudi nyuma. Mbuzi ilibaki kule.